Mwezi Tuliokaa Ndani

Kisii Mjini
9 Juni 2024

Mpendwa wifi Nyaboke,

Pokea salamu zangu na za cherehani yangu, ambayo siku hizi ndiyo mume niliyebaki naye. Mimi mzima, ila magoti yananung'unika nikipanda ngazi za dukani. Mvua ya huku haijakatika na njia ya sokoni ni tope tupu. Vijana wangu wote wawili wako salama, mmoja Nakuru na mwingine bado anatafuta mke kwa mwendo wa kinyonga. Wewe je? Ng'ombe wanakamulika? Mgongo umepona?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako huwa mfukoni mwa mwanao Mogaka, na kila nikipiga anaiweka sauti ya juu ili Nyansiongo nzima isikie Mama Margret anasema nini. Jambo nililo nalo si la masikio ya mwanao. Mna ile heshima yenu mnayoiita chinsoni, ya mzazi na mtoto kutotajiana mambo ya mwili, na mimi nimeishi kwenu hadi imeniingia. Barua hii nimempa Gibson wa maziwa. Nimemwonya asiitumie kufunika mtungi.

Sasa sikiliza. Unamjua Nayna, mwenye duka ninaposhonea sare za shule. Binti yake Riddhi amemaliza chuo na anatengeneza jarida dogo la hadithi za wanawake. Toleo hili anataka hadithi za nchi za kubuni, nchi mbaya, ambako serikali imewabana wanawake hadi pumzi, nao wanatafuta upenyo bila kupiga kelele. Alinieleza haya yote nikitia vifungo. Nikamwambia, binti yangu, nchi hiyo mimi naijua. Niliijenga na wifi yangu kule Gesima mwaka wa themanini na sita, tukiwa tumefungiwa ndani. Alidhani namtania.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikishona huku akili iko katika ile nyumba ndogo ya mama yako. Moshi, mafiga matatu, mlango usiofunga vizuri, na wewe mwenye miaka kumi na saba umekaa kizingitini mithili ya askari. Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Mama yako alikuwa amekataa kula ugali wa mkono wangu kwa kuwa nimetoka Homa Bay ambako wasichana hawatahiriwi, na kwenu ambaye hajakatwa ni egesagane, mtoto tu, hata akiwa amezaa kumi. Kaka yako Nyasani alikuwa kazini Nairobi na hakuna aliyemwuliza.

Nakumbuka omosari, yule mama mkataji, alivyoingia alfajiri na kikapu chake, akakuambia unishike mabega. Nawe ukasema, "Sitashika." Hukupaza sauti. Ulikunja mikono tu. Na kwa kuwa mke wa mtu kukatwa ukubwani lilikuwa jambo la kuficha, hapakuwa na mwanamke mwingine wa kuitwa, na mama yako mwenyewe chinsoni ilimzuia kuingia. Yule mama akakaa chini, akaomba chai. Aliinywa yote. Akasema yeye bila mshikaji hakati, kisha akatoka nje akamwambia mama yako kwamba kazi imekwisha. Mpaka leo sijui kwa nini alituonea huruma.

Halafu tukakaa ndani mwezi mzima, mimi nikijifanya napona na wewe ukijifanya unauguza. Wifi, nikikuambia ule ndio mwezi niliofurahi kuliko miezi yote ya ndoa yangu utacheka, lakini ni kweli. Uji wa wimbi asubuhi, uji wa wimbi jioni, na kazi yetu moja: moto usizimike, na yale majani ya esuguta, ambayo kwenu huoteshwa kando ya jiko la aliyekatwa hadi apone, yasinyauke. Tulipochoka kucheka tulianza kutunga. Nakumbuka mwanzo tu: nchi ambako kila msichana akifika miaka minane serikali humkata kivuli. Mengine yamenitoka. Niandikie unayoyakumbuka kabla Riddhi hajanichoka.

Wako wa siku zote,
Margret Achola


Nyansiongo
30 Juni 2024

Kwa wifi Margret, mla samaki,

Nimepata barua yako, inanuka mtindi. Gibson ni yuleyule. Sisi wazima. Mgongo wangu hauwezi kupona kwa sababu mwenyewe sitaki kuacha jembe. Ng'ombe mmoja amezaa ndama dume, yule mwingine ananitazama tu. Mogaka yupo na anaota kitambi. Mkewe Yunuke hajambo, anafanya kazi kwa bidii, sina la kumlalamikia, na hilo linanisumbua maana mama mkwe bila malalamiko atazungumza nini na wenzake.

Kemunto wao ametimiza miaka tisa. Unajua katika nyumba hii nilizaa wavulana watupu, kama wewe, kwa hiyo huyu ndiye binti wetu wa kwanza. Anapanda miti ya mkaratusi mpaka juu na kuniita nimwone. Juzi aliruka kamba hadi kuku wakahama uani. Amefanana na kaka yangu Nyasani machoni, na nikimtazama huwa nakaa kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Haya, hadithi. Unasema umesahau, na wewe ndiwe uliyekuwa hodari wa kutunga. Serikali ile ilikata vivuli kwa sababu ilisema mwanamke mwenye kivuli ni wawili, na wanawake wawili wakikaa pamoja hupanga njama. Hilo ulilisema wewe, ukiwa umelala chali unakoroga uji kwa mkono mmoja. Nilicheka mama akagonga ukuta akiuliza ni mgonjwa gani anachekesha namna hiyo. Vivuli vyenyewe vilikunjwa na kuwekwa katika ghala, na walinzi wa ghala wakawa wanakufa kwa baridi.

Msichana wetu tulimwita Zubeda, ili asiwe wa kwenu wala wa kwetu tusije tukagombana. Alitoroka na kivuli chake. Akawa hatoki nje ila saa sita, jua likiwa utosini, au mvua ikinyesha. Na kwa kuwa nchi ile ilikuwa na mvua ya Gesima, maskini Zubeda alitembea zaidi ya tulivyopanga. Watu walimwona hana kivuli, wakamheshimu.

Mwisho hatukuufikia. Mwezi uliisha, wakatutoa, wakakupaka siagi na kukuimbia, na siku hiyo mama akala ugali wako. Nilikuwa nakutazama ukimtilia mboga. Sijawahi kuona mtu akiweka mboga kwenye sahani kwa kiburi kama kile.

Na kaka yangu. Aliporudi mwisho wa mwezi, yeye ndiye mtu wa nne aliyejua, baada yetu na omosari, hangekosa kujua. Asubuhi yake alinipa kitambaa cha kichwa cha rangi ya machungwa bila kusema ni cha nini. Nilikivaa mpaka kikawa uzi.

Nimechoka kuandika, mkono wangu umezoea jembe.

Wifi yako,
Nyaboke


Kisii Mjini
18 Agosti 2024

Wifi wa pekee,

Salamu tena. Hapa ni msimu wa sare za muhula wa tatu na vidole vyangu vina matundu. Nayna aliugua kifua, sasa amepata nafuu na amerudi kunikaripia kwamba napoteza uzi. Kijana wangu wa Nakuru ameahidi kuja Desemba. Barua yako nimeisoma mara nyingi hata Riddhi ameomba kuishika tu aone mwandiko.

Nilimsomea ile sehemu ya ghala la vivuli na walinzi wanaokufa kwa baridi. Akasema hadithi za aina hii huwa na watu wanaopigana na bunduki, lakini hii ya kwetu ina mtu anayesubiri mvua, na yeye anaipenda zaidi. Nilijiona mtu mkubwa siku nzima. Sikujua kile kitambaa cha machungwa kilikuwa cha nini. Nililia kidogo chooni nisimtie Nayna wasiwasi. Nyasani alikaa nami miaka yote hiyo, akafa, na hakuniambia alikushukuru.

Sasa nataka kukuuliza jambo, nawe usinizungushe. Kemunto ana miaka tisa. Najua miaka tisa kwenu ni miaka gani, na najua likizo ndefu ya Desemba ni ya nini. Kanisani wanahubiri, serikali imekataza, watu wanaitikia kwa kichwa, halafu Desemba mabinti wanapotea uani kwa wiki mbili. Kwenu kuna mipango gani? Niambie tu hakuna, nirudi kwenye vifungo vyangu.

Na Zubeda alizeekaje? Je, aliolewa?

Margret


Nyansiongo
6 Oktoba 2024

Wifi Margret,

Hujambo? Nimechelewa kwa sababu tulikuwa tunavuna mahindi, na Gibson gari lake liliharibika akawa anatumia la mwenzake asiyependa barua. Mahindi ni mazuri mwaka huu. Yule ng'ombe aliyekuwa ananitazama tu ameuzwa. Yunuke amepaka nyumba yao rangi mpya, ya kijani, inaumiza macho. Pole kwa ugonjwa wa Nayna.

Uliniuliza jambo. Mvua ya huku inanyesha jioni tu.

Hii hapa sehemu nyingine ya hadithi, mwambie Riddhi aiweke. Zubeda aliolewa, akazeeka kwa heshima. Serikali ikapata shida, kwa sababu wasichana wa siku hizi wamesoma na wameanza kuuliza kivuli kina kosa gani. Basi wakubwa wa serikali wakamchukua Zubeda. Hawakumtesa. Walimweka kwenye kiti mbele ya shule, saa sita mchana, wakawaambia wasichana: mtazameni huyu. Huyu alitoka nchi ya mbali isiyokata vivuli, akaja kwetu mtu mzima, akakubali mwenyewe. Na mnamwona, anacheka, ana nguo nzuri, mumewe alimpenda. Ninyi ni nani mkatae? Wasichana wakamtazama Zubeda. Mmoja baada ya mwingine wakaingia ofisini.

Naye Zubeda akabaki kwenye kiti, haruhusiwi kuondoka, na akikaa kidogo tu jua litasogea na kivuli kitatokea.

Ni hayo tu kwa sasa.

Nyaboke


Kisii Mjini
13 Oktoba 2024

Nyaboke,

Leo salamu zitakuwa fupi na utanisamehe.

Sehemu hiyo haikuwemo. Nakumbuka sasa hadithi yote, umenikumbusha mwenyewe, na hatukutunga kiti wala shule. Hiyo umeitunga mwaka huu. Na Zubeda anayewekwa kwenye kiti ni mimi.

Gibson amekuja asubuhi na maziwa. Nimemkalisha kwenye benchi la wateja nikamuuliza kwenu kuna sherehe gani. Amesema ameambiwa aongeze mitungi wiki ya kwanza ya Desemba, na Mogaka ametenga mbuzi. Nyumba ya kijani nayo, wifi, watu hawapaki rangi kwa ajili ya ng'ombe aliyeuzwa.

Niandikie wazi. Nani anataka, nani hataki, na jina langu limeingiaje humo. Naogopa jibu lako na ninalitaka haraka.

Margret


Nyansiongo
3 Novemba 2024

Wifi,

Sina nguvu ya salamu ndefu lakini nakusalimu.

Ni Yunuke. Mogaka ananyamaza, anasema ni mambo ya wanawake na anachangia mbuzi. Yunuke si mtu mbaya, usimchukie. Shuleni wasichana wakubwa wamemcheka Kemunto, wamemwita egesagane, akarudi analia, na Yunuke akaona dawa ni hiyo moja. Kuna muuguzi mstaafu anayekuja nyumbani na mkoba.

Nilijaribu. Nilimwambia watoto wa siku hizi waachwe. Akanijibu kwa adabu, kama anavyojibu siku zote, "Mama, si hata Mama Margret alikubali? Na yeye ni Mjaluo kabisa, alikuja mkubwa. Kama ilikuwa mbaya si angekataa?" Nilikuwa na sufuria mkononi. Niliiweka chini nikatoka nje.

Si yeye tu. Nimeuliza huku na huku. Kule Gesima wanawake huwaambia mabinti zao hivyo, huwaambia wake wanaotoka mbali hivyo. Mtazameni Margret. Umekuwa mfano wao miaka hii yote, wewe na mimi hatujui, tunadhani tulishinda.

Nimewaza kuufanya ule ujanja wetu tena. Nikae mlangoni, nimfungie Kemunto ndani, tuoteshe esuguta, tuseme kazi imekwisha. Lakini wifi, yule wa zamani alihitaji mshikaji. Huyu ana sindano ya ganzi. Mtoto hashikwi, analazwa tu. Hata nikikataa kushika, hakuna anayenihitaji.

Najua utakachosema, utasema utakuja uwaambie ukweli. Nakuomba usije. Kule Gesima unaitwa mama, unashauri mabibi harusi, umetengewa nafasi ya kuzikwa kando ya Nyasani. Wakijua watasema umekula nao kwa uongo. Na mimi watasema nilimdanganya mama yangu mzazi, aliyekula ule ugali akiamini, na sasa yuko kaburini, hawezi kunisamehe wala kunigombeza. Nitakuwa mtu wa aina gani? Nina aibu hata ya kukuandikia.

Wamepanga Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Tafadhali usije.

Nyaboke


Kisii Mjini
10 Novemba 2024

Nyaboke wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na nimeijibu kabla sijakaa.

Sitakuja. Si kwa sababu umenikataza. Nikija mimi watasema Mjaluo amekuja kuharibu mila za watu, kisha mkoba utafunguliwa vilevile. Mimi sina la kusimulia. Nililala kwenye ngozi nikitetemeka, basi. Aliyefanya jambo siku ile ni wewe. Wewe ni binti wa nyumba, ulikatwa ukiwa na miaka yako tisa kama wenzako, ulijua unachokikataa. Kisa ni chako, nimekibeba tu kwa ajili yako.

Kuhusu mimi usihofu. Nafasi yangu kando ya Nyasani nilipewa na Nyasani. Watakaoninyang'anya wakumbuke yeye alijua na alinitilia chai kila asubuhi. Na wakininyang'anya kweli, wifi, nitaumia, sitakudanganya. Nimezoea kuwa mama wa Gesima. Nimependa kuitwa hivyo. Lakini sitaki kuitwa hivyo na mtoto wa miaka tisa aliyelazwa kwa jina langu.

Kuhusu mama yako. Nilimpikia mpaka alipofariki. Siku zake za mwisho hakutaka chakula cha mtu mwingine. Sidhani alikuwa bado anauliza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinikataza kucheka kwa sauti mle ndani? "Watasikia, Margret, watasikia." Nilikutii. Sasa nakuomba mimi: wasikie.

Nimemwambia Riddhi aisubiri hadithi.

Nakupenda, na sijawahi kukuandikia neno hilo.

Margret Achola


Nyansiongo
5 Januari 2025

Wifi Margret,

Heri ya mwaka mpya kwako, kwa Nayna na Riddhi, na kwa yule kijana anayetafuta mke. Huku mvua imeacha, majani ya ng'ombe yamekauka kidogo, mgongo ni uleule. Najua umengoja. Gibson ameniambia kila akifika dukani kwako unatazama mikono yake kabla ya mitungi. Sikuweza kuandika mapema kwa sababu sikujua jambo limeisha au limeahirishwa. Kesho shule zinafunguliwa, ndipo nimeamini.

Hadithi ya Zubeda imalize wewe. Mimi siwezi kutunga tena, nitakueleza tu yaliyotokea.

Jumamosi ile, kabla ya Jumatatu waliyopanga, tulikuwa jikoni, Yunuke na mimi, tunachambua chinsaga za sherehe. Kapu zima la mboga. Kemunto alikuwa nje. Nikamwambia Yunuke, "Mama Margret hakukatwa." Akaendelea kuchambua, akidhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia tena, na nikamweleza yote: omosari, chai, mikono yangu nilivyoikunja, mwezi mzima wa uji, mama yangu na ule ugali. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Mogaka alikuwa uani na nadhani alisikia, maana alitoka akaenda kwa jirani. Wacha asikie.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimejiandaa kuitwa mwongo na kurudishiwa mambo ya mama yangu. Yunuke hakunitukana. Aliweka mboga chini. Alikaa hivyo, mikono ina majani, akaniuliza, "Na mimi, Mama? Siku yangu walikuwa wanawake wanne ndani ya nyumba. Kwa nini hakuna aliyesema hashiki?"

Siwajui hao wanne. Niliwaona akilini tu, wanawake wa kawaida, labda wazuri, labda mmoja alitaka kusema akanyamaza. Yunuke alilia kama mtoto, mtu mzima yule mwenye adabu zake zote, na mimi nikamshika. Tulikaa chini hadi mboga zikanyauka. Hakusema atafanya nini na mimi sikumuuliza. Jumapili ilipita tukisalimiana tu.

Jumatatu asubuhi yule muuguzi alikuja na mkoba wake. Nilikuwa zizini, nikaacha kukamua, nikatoka mbio na miguu yangu hii. Nilikuwa nimeamua kulala mlangoni mwa nyumba ya kijani, anikanyage akitaka. Lakini Yunuke alikuwa amefika langoni kabla yangu. Alikuwa amesimama katikati, na lango amelishika kwa mikono miwili.

Nilimsikia akisema, "Rudi tu, daktari. Mtoto hayuko."

Na Kemunto alikuwa nyuma yake, karibu kabisa, anaruka kamba, anajihesabia kwa sauti. Yule mwanamke akacheka, akanyoosha kidole juu ya bega la Yunuke. Akasema, "Hayuko wapi? Si namwona huyo?"

Yunuke hakugeuka. Alisema, "Huyo ana mama wa kusema hapana."

Wifi yako,
Nyaboke